Pazia fupi na taa kali
Dada, umeuliza kwa nini sebule yako inaonekana duni ilhali makochi ni mapya. Kwa maoni yangu, kosa kubwa liko kwenye mapazia. Fimbo ya pazia ikifungwa palepale juu ya fremu na kitambaa kikaishia katikati ya ukuta, chumba kizima huonekana kifupi, kwa hiyo ipandishe sentimita 15 hadi 20 juu ya dirisha, chagua fimbo ndefu inayozidi dirisha pande zote mbili, na uache pazia lifike sakafuni. Balbu ya kelvini 6500 (kipimo cha rangi ya mwanga; namba ikipungua, mwanga huelekea umanjano), yenye mwanga mweupe kama wa duka la dawa, hufifisha hata wekundu mzuri wa mbao za mninga; weka ya 2700 au 3000. Zulia dogo lisilofika miguu ya makochi, ni afadhali uliondoe kabisa.