Redio ikichanganya stesheni usiku, weka bisibisi chini kwanza

Nyinyi vijana mnaoanza ufundi wa redio hapa Lamu, kuna mteja atakuja tu, wa Langoni ama wa Shela, akwambie redio yake mchana iko sawa lakini magharibi ikiingia AM inachanganya, stesheni mbili juu ya moja, sauti yapanda yashuka. Msiifungue. Haina kitu.

Mchana mawimbi ya AM yanatambaa na ardhi, na baharini ndo yanafika mbali zaidi sababu maji ya chumvi yanapitisha umeme vizuri, yale yanayopanda angani yanamezwa na tabaka la D, tabaka la hewa yenye chaji ya umeme huko kilomita 60 hadi 90 juu. Jua likizama hilo tabaka linapotea, mawimbi yanapita mpaka matabaka ya juu zaidi yanarudishwa chini, sasa stesheni iliyo kilomita elfu moja na zaidi inakuja kukalia ile unayoisikiza wewe.

Marekani hii wameitungia sheria kali. Stesheni nyingi jua likitua lazima zipunguze nguvu, zingine zina minara kadhaa na usiku zinabadilisha vile umeme unagawanywa kati yake ili mawimbi yaelekee upande mmoja yasiwaguse wenzao, zingine zinazima kabisa hadi asubuhi. Stesheni kubwa kama WSM ya Nashville, kwa kilohezi 650, inabaki na kilowati zake 50 usiku kucha, na hiyo 50 ndo mwisho wa sheria. Saa zao za kubadilisha zinaenda na mwezi wa mwaka, maana kaskazini kule Disemba jua latua kabla ya saa kumi na moja jioni na Juni liko hadi saa mbili usiku, kwa hivyo jedwali zao msizibebe. Sisi tuko karibu na ikweta bana, adhana ya magharibi yatosha, washa redio dakika kumi kabla na usikize mwenyewe vile inageuka.

Mteja mfundishe kuizungusha. Antena ya AM ni ile fimbo nyeusi ya feraiti ndani, si huo mkonga wa chuma wanaouvuta mpaka unakatika (huo ni wa FM), na fimbo haisikii vizuri upande wa ncha zake, basi ncha ielekezwe kwa stesheni asiyoitaka. Achomoe na chaja za simu, nazo zaleta kelele. Ikiwa kelele ni zile zile hata mchana, hata kwa betri, hata pale ufuoni mbali na nyaya za stima, haya, sasa fungua.