Maswali na Majibu: Kabla hujahamia nje ya mji, uliza njia na maji

Barua za mwezi huu karibu zote zinauliza jambo moja: kutoka mjini na kwenda kujenga nje. Sishangai. Sensa ya 2012 iliukuta Mkoa wa Mjini Magharibi, hapa kwetu Unguja, una watu 593,678. Ya 2022 ikakuta 893,169. Laki tatu hizo hazikuingia Malindi wala Kikwajuni, hakuna pa kuingia. Zimekwenda Fuoni, Tomondo, Kwarara, Kijichi, Bububu, na sasa watu wanavuka mpaka wa mkoa kwenda Jumbi na Tunguu. Nimechagua maswali yatakayowafaa wengi. Mengine nimeyajibu kwa ufupi kwa sababu nimeshayajibu mara nyingi mno.

Nimeoa mwaka jana, tunapanga vyumba viwili Kikwajuni. Nina meza ya simu Darajani, mke wangu anasomesha skuli ya mjini. Shemeji ananishawishi ninunue kiwanja Tunguu tuhame. Faida na hasara ni zipi? – Mpangaji, Kikwajuni

Faida unazijua, ndio maana umeandika. Kodi unayolipa hairudi. Tunguu utapata uwa wa watoto kucheza, pahala pa kuweka mndimu na kuku wachache, upepo, na siku ya khitma au harusi huombi uwanja wa mtu. Usiku unalala.

Hasara watu huziona wakishahamia. Nyinyi wawili mtapanda daladala kwenda na kurudi, siku sita kwa wiki. Piga hesabu hiyo kwa mwezi uiweke kando ya kodi yako ya sasa, uone kinachobaki. Biashara ya Darajani inanoga usiku, Ramadhani ndio kabisa, na gari za shamba usiku huwa chache. Ukichelewa ni bodaboda, na bei yake unaijua. Ukipata mtoto, atasoma huko au utamwamsha kabla ya alfajiri kumleta mjini? Kuna chuo cha Kurani anachoweza kwenda kwa miguu? Nguzo ya umeme iko umbali gani na kiwanja? Kila nguzo itakayoongezwa kukufikia wewe ni gharama, kabla hata hujatia senti moja kwenye Tukuza, yaani mita ya umeme wa kulipia kabla. Maji ya bomba yakifika, yanatoka siku ngapi? Bila ya tangi na mota hukai.

Kwa hali yako mimi ningenunua na nisingehama mwaka huu. Kama mna hamu sana, kapangeni huko huko Tunguu miezi ya masika, kuanzia Machi hadi Mei, muone barabara inakuwaje na mke wako anafika skuli saa ngapi. Kisha nakuuliza wewe na shemeji yako: gari inafika kwenye hicho kiwanja, au mnapita kwa ihsani ya mtu? Swali hili nitalirudia hapa chini, maana ndilo linaloniuma.

Kiwanja Fuoni bei gani? – Wengi

Sijibu. Kikubwa kiasi gani, kimepimwa au hakikupimwa, kiko barabarani au ndani, kina warithi wangapi? Mtu anayekutajia bei kabla ya kuulizwa hayo ana lake, na wewe unayeuliza hivyo ndiye anayemtafuta.

Nimelipa nusu. Muuzaji ana karatasi iliyopigwa muhuri wa sheha, kiongozi wa mtaa. Si inatosha? – Baba Wawili, Magomeni

Haitoshi, na nitaendelea kusema hivyo mpaka watu wachoke kunisikia. Sheha ni shahidi. Anaweza kusema anamjua muuzaji na kwamba mlipeana fedha mbele yake. Hawezi kukupa haki ambayo muuzaji mwenyewe hana. Kwa Sheria ya Umiliki wa Ardhi namba 12 ya 1992, ardhi ya Zanzibar ni ya umma; unachopata wewe ni haki ya kuitumia, na haki hiyo inathibitishwa Kamisheni ya Ardhi. Kaulize kabla ya kulipa nusu ya pili. Kwa kweli ulitakiwa uulize kabla ya ile ya kwanza.

Viwanja vingi vinavyouzwa pembezoni ni vipande vya eka tatu tatu, zile walizogaiwa wananchi baada ya Mapinduzi ya 1964 ili walime. Hazikutolewa zikatwe vipande na kuuzwa. Aliyepewa amekufa, ameacha watoto tisa na wajukuu hawahesabiki. Mmoja ana shida ya fedha, anamkatia mtu futi hamsini kwa sabini, wenzake hawana habari. Unajenga, unahamia, unazoea, halafu anashuka mtu kutoka Maskati au Dar es Salaam na kukwambia: "Hapa pa baba yetu." Watafute warithi wote watie saini, na usiwaruke wanawake. Dada ndio wanaosahauliwa siku ya kuuza, na haki yao ya mirathi haifi kwa kusahauliwa.

Uliza kama pahala hapo ni wakfu, kwa sababu wakfu hauuzwi. Kamisheni ya Wakf na Mali ya Amana ipo, nenda. Uliza na miti. Kwetu ardhi inaweza kuwa na mwenyewe na minazi iliyo juu yake ikawa na mwenyewe mwengine. Ukiikata bila ya kuuliza umejiletea kesi kabla ya kuchimba msingi.

Nimeonyeshwa kiwanja kizuri upande wa Mwera, kikavu, tambarare, nusu ya bei ya vyenginevyo. Nichukue? – Mwenye Haraka

Umeonyeshwa mwezi gani? Kama ni Januari au Agosti, hujaonyeshwa kitu. Rudi mvua zikiwa zimeshika. Kama huwezi kungoja, tizama kuta za majirani: maji yakikaa huacha mstari wa tope, na rangi chini yake hubanduka. Tizama majani yanayoota. Ukiona matete na ndago, hapo palikuwa bonde na maji yatarudi kwao. Kisha muulize mama anayekaa jirani, usimuulize dalali, mwaka gani walitoa magodoro nje.

Na usikubali fundi akikwambia "tutajaza kifusi tupandishe jamvi". Maji unayoyafukuza kwako yanaingia kwa mwenzio ambaye hakupandisha. Tumeona Sebleni, tumeona Mwanakwerekwe ambako barabara yenyewe ilikuwa ikizama masika. Mabonde ya mpunga tunayajenga, halafu tunailaumu mvua. Nusu ya bei hiyo utaimaliza kwa kubadilisha makabati na vitanda.

Nianze na ukuta au nyumba? – Kijana, Amani

Anza na njia, kisha choo. Ukuta uwe wa mwisho.

Mama yetu amevuka miaka sabini, anakaa ghorofa ya pili Mji Mkongwe. Tumejenga Bububu nyumba nzuri, chumba chake kipo, hataki kuja. Tumlazimishe? – Watoto wake

Msimlazimishe. Mkae naye mumuulize ni kitu gani hasa asichokitaka, na mumsikilize mpaka amalize.

Najua mnachokiogopa. Ngazi zile zimesimama wima, mbao zimelika katikati, na mkono anaushika ukutani kwa sababu kamba ya kushikia imelegea. Akianguka usiku ni nani atamteremsha? Khofu yenu ni ya haki. Lakini tizameni na upande wake. Akishuka asubuhi, kabla hajafika dukani ameshaamkiwa na watu kumi. Mwenye mikate anajua anachukua mingapi, na asipoonekana siku moja watu wanapanda juu kumtizama. Hospitali ya Mnazi Mmoja iko karibu. Nyinyi mtampeleka kilomita kumi, mumtie ndani ya ukuta wenye geti, kisha muondoke nyote saa moja asubuhi na kurudi magharibi. Hapo ngazi mtakuwa mmeziondoa, na watu pia mmewaondoa.

Nnachowashauri ni hiki. Muanze kumchukua Ijumaa na kumrudisha Jumapili, kwa muda mrefu, bila ya kumtajia kuhama. Toboeni ule ukuta wa mbele mjenge baraza inayotizama njia, awaone wapitao na wao wamuone. Mpelekeni akajuane na kina mama wa mtaa na wa chuoni kabla ya kuhamisha sanduku. Na yule atakayebaki naye mchana mmjue ni nani, kwa jina, kabla ya siku ya kwanza. Kama baada ya yote bado anasema hapana, tafuteni chumba cha chini huko huko mjini. Nyumba anayokaa sasa nayo msiiwache ovyo. Kama ni ya wakfu au ya Serikali, nyumba tupu haichelewi kupata mtu mwengine.

Fundi anasema kisima kikiwa hatua kumi kutoka kwenye karo, shimo la choo, kinatosha. Kweli? – Mjenzi, Kisauni

Si kweli, na fundi huyo usimpe kazi ya kisima. Iwe mita 30 kwa uchache, na usihesabu karo lako peke yake, hesabu na la kila jirani. Hapo ndipo tabu ilipo: kwenye viwanja vya futi hamsini kwa sabini, mita 30 kutoka kwa kila mtu hazipatikani. Kwa hiyo mara nyingi jibu la haki ni kwamba usichimbe.

Unguja hatuna mto mkubwa wa kututegemeza. Maji yetu yako chini ya ardhi, mvua inapenya kwenye jiwe la chokaa na kujikusanya. Jiwe hilo lina nyufa, linapitisha maji ya mvua na linapitisha uchafu wa choo vile vile. Ukisogea pwani, Fumba na kwengineko, ukivuta sana unaletewa chumvi. Tangu enzi za Sayyid Barghash mji unanyweshwa kwa mabomba kutoka chemchem za upande wa Bububu, na leo tunazijengea juu sehemu zile zile zinazopokea mvua, kila nyumba na shimo lake. Waliouguza kipindupindu cha 2015 na 2016 hawahitaji kuelezwa. Kama kisima umeshachimba, peleka maji yakapimwe, na hata yakiwa meupe kama kioo, ya kunywa chemsha.

Naweza kuanza msingi huku nikingojea kibali? – Mmoja wenu

Hapana.

Niko Uingereza, nataka kununua fleti Fumba nirudi nikistaafu. Ndugu zangu wananicheka, wanasema nyumba ni ardhi. – Mzanzibari wa Mbali

Wasikucheke. Sheria ya mwaka 2010 inaruhusu mtu kumiliki sehemu yake ndani ya jengo la pamoja, na kwa mtu anayeishi mbali ni salama kuliko kumpelekea binamu fedha za matofali. Uliza ada ya mwezi ya matunzo na nani anaipandisha, uliza maji yanatoka wapi, uliza safari ya hospitali usiku ni dakika ngapi. Njoo ukae wiki mbili kabla ya kusaini, na usije Disemba watu wote walipo likizo.

Nami nina la kuongeza. Pale walianza kwa kuchora barabara, mifereji na pahala pa miti, ndipo nyumba zikafuata. Hilo halihitaji fedha za wageni. Warithi wa eka tatu wangeweza kukaa chini, wakawacha njia pana katikati, kisha wakauza. Wangepata bei nzuri zaidi na wasingeharibu mtaa.

Mnaandika Unguja tu. Mimi niko Chake Chake, nataka kutoka Madungu kwenda Vitongoji. – Mpemba

Lawama yako naikubali. Kwenu mwendo ni mfupi, kwa hivyo nauli haitakusumbua kama yule wa Tunguu. Tabu ya Pemba ni vilima. Usijenge ukingoni ambapo udongo umekatwa wima, na usijenge chini ambapo maji ya kilima yanashukia. Mkarafuu usiukate bila kibali. Mengine ya warithi na wakfu ni yale yale, na kwenu familia zinajuana zaidi, basi huna udhuru wa kutowauliza.

Jirani mpya amenunua kiwanja cha mbele na anajenga ukuta juu ya njia tuliyoipita miaka yote. Tumebaki na uchochoro wa mtu mmoja. Tufanye nini? – Wakaazi, Magharibi B

Nendeni leo. Msingoje Jumatatu.

Nilihudhuria maziko katika mtaa mmoja wa huko kwenu. Jeneza lilishindwa kupinda kwenye uchochoro, likarudishwa nyuma, likainuliwa juu ya ukuta na kupokewa upande wa pili uani kwa watu, pembeni ya jiko la mkaa, na binti wa nyumba ile akikimbilia ndani kutafuta mtandio. Mtaa huo huo gari ya kunyonya karo haiingii, kwa hivyo makaro yakijaa yanamwagwa usiku. Gari ya zimamoto haiingii. Mama mwenye uchungu anabebwa mpaka barabarani.

Piga picha za njia ilivyo sasa na za msingi unaochimbwa. Waandikieni sheha kwa majina na saini za nyumba zote, mpeleke nakala manispaa na mtake kuonyeshwa kibali chake cha ujenzi. Kamisheni ya Ardhi itizameni kama kuna ramani inayoonyesha njia. Wazee wakaongee naye kwanza, kwa adabu, inawezekana na yeye aliuziwa njia bila kujua. Akikataa, fungueni shauri Mahakama ya Ardhi na muombe ujenzi usimamishwe, nalo lifanyike kabla hajafika linta, maana ukuta ukishamalizika kila mtu ataona huruma kuuvunja. Akisema mtapita kwa yule wa nyuma, mtake alete maandishi ya huyo wa nyuma.