Nguzo ya taa itawarudisha

Mhariri, wiki hii mmetuuliza: "Ukiwa na siku moja tu katika bustani kubwa ya jiji, uanzie wapi?" Nitajibu kwa bustani ninayoipenda kuliko zote, Central Park ya New York. Anza kwa kupotea.

Bustani ile ina ekari 843. Inaanzia Mtaa wa 59 na kuishia Mtaa wa 110, mwendo wa kilometa 4 hivi. Ukitaka kuimaliza kwa siku moja, utarudi na maumivu ya miguu na picha za simu, basi. Tena ilipangwa makusudi ili mtu asione mbali. Frederick Law Olmsted na Calvert Vaux, ambao mchoro wao ulishinda shindano mwaka 1858, walizipinda njia, wakaweka maziwa, wakaficha majengo nyuma ya miti. Jambo linalonivutia zaidi ni barabara nne zinazoikata bustani kutoka mashariki kwenda magharibi: walizizamisha chini, kama mitaro mikubwa, ili magari ya farasi ya enzi zile yapite bila kumkera anayetembea. Hadi leo mabasi na teksi hupita humo humo. Unaweza kuvuka juu yake kwenye daraja lililozungukwa na majani, usijue kwamba umevuka barabara.

Mimi nilipotea nikiwa na mama yangu, mwezi wa 5, katika ule msitu mdogo wa katikati unaoitwa The Ramble. Mama ana goti linalomsumbua. Tulizunguka, tukapanda, tukashuka, tukajikuta tena kwenye jiwe tulilolipita dakika 20 nyuma. Akanitazama kwa lile jicho lake ninalolijua tangu utotoni. Hapo ndipo mzee mmoja mwenye darubini shingoni alipotuita, akatuonyesha nguzo ya taa.

Kila nguzo ina kibati kidogo chenye tarakimu nne. Pale tulipokuwa, tarakimu mbili za mwanzo zinakutajia mtaa wa jiji ulio karibu nawe. Ya mwisho inakutajia upande: ikiwa shufwa, uko mashariki, ikiwa witiri, magharibi. Ya kwetu ilianza na 76 na kuishia na 3. Kwa hiyo tulikuwa sambamba na Mtaa wa 76, upande wa magharibi. Ni hayo tu. Mama alikigusa kile kibati kwa kidole, akasoma namba kwa sauti, na hofu ikamtoka. Tangu hapo yeye ndiye aliyeongoza njia, na kila nguzo tuliyoifikia ilibidi tusimame aisome.

Yule mzee hakuwa na haraka. Alitueleza kwamba majira ya kuchipua ndege wahamao hupita juu ya jiji usiku, na kukipambazuka wanatafuta pa kutua. Katikati ya saruji yote ile wanaona kijani kimoja kikubwa, wanashuka. Zaidi ya aina 200 za ndege zimewahi kuonekana mle. Akampa mama darubini. Ilimchukua muda kumpata ndege mwenyewe, mdogo kuliko shomoro, kifua cha manjano, anaruka tawi hadi tawi akiokota wadudu. Tulikaa pale karibu saa nzima. Hatukuona chemchemi maarufu wala ile kasri ndogo ya mawe, na sijutii hata kidogo.

Mkiwa na watoto, wapelekeni kwenye mwamba wa Umpire Rock, kusini. Waambieni wapitishe vidole kwenye mifereji iliyochorwa juu yake. Ilikwanguliwa na barafu nene iliyoburuta mawe hapo maelfu ya miaka iliyopita.

Lakini kuna sehemu moja ambayo naomba msiikose, na wageni wengi huipita bila kujua. Ni upande wa magharibi, kati ya Mtaa wa 82 na wa 89. Kabla ya bustani palikuwa na kijiji, Seneca Village. Kilianza mwaka 1825, watu weusi walio huru waliponunua viwanja pale, na ardhi ilikuwa jambo zito: katika jimbo la New York mwanamume mweusi hakuruhusiwa kupiga kura mpaka awe na mali ya dola 250. Kufikia 1855 waliishi hapo watu wapatao 225, wengi wao weusi, pamoja na Waairishi na Wajerumani wachache. Walikuwa na makanisa matatu na shule. Mwaka 1857 wote walikuwa wameondolewa. Wenye viwanja walilipwa fidia, na wapo waliolalamika kwamba haikufikia thamani ya mali yao.

Tulikuta mabango ya maelezo kando ya njia. Mama alifundisha darasa la kwanza kwa miaka 31, kwa hiyo bango la shule alilisoma mara mbili. Kisha akakaa kwenye benchi lililo karibu, goti limenyooshwa, akiangalia nyasi zilipokuwa nyumba, na safari hii sikumharakisha.

Ingieni kwa lango la Mtaa wa 85, upande wa magharibi. Ni karibu, hata kwa mwenye goti bovu.