T5 inalingana mgonjwa akiinama: kwa nini iitwe FRS?

Swali: Daktari, nimepapasa T5 (pingili ya tano ya kifua) nikakuta chomozo la pembeni la kulia limejitokeza nyuma. Mgonjwa akiinama mbele, pande zote mbili zinalingana. Akijipinda kwenda nyuma, la kulia linazidi kujitokeza. Niliandika ERS kulia, mwalimu akasahihisha kuwa FRS kulia (E ni kujipinda nyuma, F kuinama, R kugeuka, S kulalia ubavu). Nimekosea wapi?

Jibu: Vidole vyako viko sahihi, jina ndilo limegeuka. Pingili huitwa kwa mkao inaoukubali, si kwa mwendo inaoukataa. Yako inatulia mgonjwa akiinama, kwa hiyo ni F. Chomozo la kulia likiwa nyuma, kiwiliwili cha pingili kimegeukia kulia: R. Na kwa kuwa ni pingili moja iliyokwama katika mkunjo, kanuni ya pili ya Fryette, mtabibu wa osteopathia, inataka ilalie ubavu uleule inaogeukia: S, nayo kulia. (Kanuni hiyo ni ya kifua na kiuno, usiipeleke shingoni.)

Herufi zikikuchanganya, fikiria faseti, yaani viungo vidogo vya nyuma vinavyounganisha pingili na pingili. Mtu akiinama, faseti mbili za pingili ya juu huteleza kupanda, zikafunguka; akijipinda nyuma hushuka, zikafunga. Kwa mgonjwa wako, ya kushoto imekwama ikiwa wazi. Akiinama huioni kasoro, maana hata ya kulia imefunguka. Akijipinda nyuma, ya kulia inashuka, ya kushoto inagoma, pingili inazidi kugeukia kulia, nawe unahisi gumba lako la kulia likisukumwa. Kinundu unakishika kulia, lakini kilichokwama kiko kushoto! Hapa wengi hutibu upande usio wake. Ingekuwa ERS kulia, faseti ya kulia yenyewe ingekuwa imefungika, na tofauti ingezidi akiinama.

Hakikisha pia ulikuwa juu ya T5 kweli. Kuanzia T4 hadi T6, ncha ya mwiba wa pingili (mfupa unaochomoza nyuma, katikati ya mgongo) huning'inia nusu pingili chini ya machomozo yake ya pembeni. Ukitoka kwenye ncha ukaenda pembeni moja kwa moja, unaangukia kati ya T5 na T6. Panda nusu pingili kwanza, ndipo utanue magumba, ukikandamiza kwa nguvu sawa pande zote.

Kwa tiba ya nguvu za misuli, mpeleke kinyume cha herufi zote tatu: ajipinde nyuma, alalie kushoto, ageukie kushoto hadi kizuizi, pale mwendo unapogoma. Asukume taratibu kurudi kulia sekunde 3 hadi 5 ukimzuia, alegee, usogee hadi kizuizi kipya. Rudia mara 3 hadi 5. Kisha pima tena akiwa amejipinda nyuma, kwani akiinama T5 ilikuwa imelingana tangu mwanzo.