Nikishatuma, ndipo nini?

SWALI

Shikamoo Mama. Mimi na wenzangu wawili, sote wa Malindi, tunatengeneza programu ya simu ya kumkutanisha mwananchi na mwakilishi wadi wake, mbunge, seneta na gavana. Mtu anapiga picha ya shida yake, anaandika maneno machache, anatuma. Ukurasa wa mbele uko tayari na ramani imekaa vizuri. Marafiki zetu wameipenda, lakini mzee mmoja wa Kakuyuni aliitazama akauliza, "Nikishatuma, ndipo nini?" Tulikosa la kumjibu. Wewe uliwahi kufanya kazi katika ofisi ya wadi. Ungetushauri tuanzie wapi?
Msomaji, Malindi

JIBU

Marahaba mwanangu. Huyo mzee amewapa kazi yenu yote kwa maneno matatu.

Nilikuwa karani wa ofisi ya wadi moja huku Pwani kwa miaka mitatu. Mezani pangu palikuwa na daftari kubwa la jalada jeusi, nalo nililipiga mistari mwenyewe kwa rula: tarehe, jina, kijiji, namba ya simu, shida. Safu tano. Nilipokuja kutambua kwamba sikuweka safu ya jibu, nilikuwa nimeshalijaza hadi ukurasa wa mwisho.

Mama mmoja alikuja kwa ajili ya kioski cha maji kilichokauka kijijini kwao. Alikuja mara nne, na kila mara nilimwandika upya kama mgeni. Mara ya nne alilivuta daftari, akafunua kurasa za nyuma akiweka kidole kwenye jina lake: "Mwanangu, mimi ni huyu, na huyu, na huyu." Alikuwa hakasiriki. Alikuwa amechoka, na mtungi wa lita 20 ulikuwa unamngoja mlangoni.

Kwa hiyo anzieni upande wa karani. Ukurasa wa mwananchi umeshapendeza, uacheni kwanza. Kaeni wiki nzima katika ofisi ya wadi mkiangalia shida inaingia vipi, nani anaishika, inalala wapi. Kisha mtengeneze hivi: kila shida ipate namba, na namba hiyo irudi kwa mwenye shida hapo hapo. Kila inapohama meza, ujumbe umfikie ukisema iko kwa nani na tangu tarehe gani. Na jirani akileta bomba lile lile, aunganishwe na namba iliyopo, ili karani aone bomba moja lenye watu 40 nyuma yake. "Haiko kwetu, tumeipeleka idara ya maji Jumanne" ni jibu. Mama yule angelipokea kwa mikono miwili.

La pili ni kazi ya nani ni ipi. Katiba ya Kenya ya 2010 imezigawa kazi kati ya kaunti na serikali ya kitaifa katika Jedwali la Nne, lakini mtu mwenye shida hana wajibu wa kulikariri. Chekechea na zahanati ziko chini ya kaunti. Shule ya msingi iko chini ya serikali ya kitaifa, na madarasa mengi yamejengwa kwa hela za NG-CDF, mfuko wa maendeleo wa serikali ya kitaifa, zilizopitia eneo bunge. Mtoto akivuka uwanja tu kutoka chekechea kwenda darasa la kwanza, paa linalovuja limeshahama ofisi. Mwananchi aandike "paa la shule linavuja", programu imuulize ni darasa lipi, kisha ijue yenyewe pa kupeleka. Barabara msiiachie programu ikisie. Nyingine ni za kaunti, nyingine za kitaifa, na wabunge na magavana wenyewe wamevutana sana juu ya hela zake. Hapo wekeni mtu wa kuzipanga.

Ramani yenu nayo itawapoteza. Kijana anafanya kazi Mombasa, bomba la mamake liko Jilore, na simu itasema Mombasa. Ulizeni shida iko wadi gani. Nchi nzima ina wadi 1,450, nanyi mnahitaji 35 tu za kaunti yenu ya Kilifi kuanzia, au hata moja.

Tena msidhani kila mtu ana simu ya kupakulia programu. Huyo mzee wa Kakuyuni ana kabambe, ile simu ndogo ya vitufe, au sivyo? Wekeni njia ya ujumbe mfupi wa kawaida, na mkipata uwezo, ile menyu ya nyota na reli, kama ya kuangalia salio. Swali lenu litoshe ndani ya herufi 160.

Sasa nije kwenye jambo linaloniuma. Watu wengi waliokuja mezani kwangu walinong'ona. Mzazi anataka kusema mwanakandarasi alikimbia na saruji, lakini orodha ya basari, msaada wa karo, inapita ofisi hiyo hiyo, na ana mtoto kidato cha pili. Jina na namba yake visionekane na mwanasiasa wala wapambe wake mpaka yeye mwenyewe aruhusu. Hilo msiliweke mwisho kama pambo. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inawabana nyinyi mnaokusanya namba za watu, lakini hata isingekuwepo, huyo mtoto wa kidato cha pili angetosha.

Mtaulizwa pia kuhusu miswada. Juni 2024, wakati wa Mswada wa Fedha, namba za wabunge zilisambazwa mitandaoni na watu wakawamiminia ujumbe. Lile lilikuwa shinikizo, na lina haki yake. Ila bomba lililopasuka haliwezi kuokotwa katikati ya ujumbe elfu moja wa aina moja. Fanyeni milango miwili: maoni juu ya mswada yahesabiwe pamoja, shida ya kijiji ipewe namba. Na kwa habari za Bunge, shirika la Mzalendo limekuwa likilifuatilia tangu 2005. Jifunzeni kwao, nguvu zenu zielekezeni kwenye wadi, ambako wachache wanaangalia.

Mwisho, uchaguzi ni tarehe 10 Agosti 2027. Pale kwetu mwakilishi aliposhindwa, daftari langu jeusi lilipakiwa kwenye gari pamoja na viti, na aliyeingia alianza na daftari jipya. Kumbukumbu ziwe mali ya wadi, zimngoje yeyote atakayekalia kiti.

Mkishapata karani mmoja aliye tayari, rudini kwa mzee wa Kakuyuni. Msimpe simu yenu. Atume kwa kabambe yake, nanyi kaeni naye barazani mpaka namba irudi.