Ukihamia Langoni, mtaa wa mji wa Lamu, bila jiko, ule wapi?
Ndugu, achana na mikahawa inayotazama bahari, bei zake ni za wageni. Asubuhi toka kabla ya saa mbili, utafute mahamri na mbaazi za nazi kwa akina mama wanaouzia barazani. Mbaazi zitazame kwanza: tui zuri limeshikana na mbaazi. Ukiona vipovu pembeni, au harufu ya uchachu, hizo zimelala. Nazi haivumilii joto la Lamu.

Mchana kuna wali na samaki kwenye vihoteli vya Usita wa Mui, njia kuu ya mji. Uliza samaki gani kabla hujakaa. Kusi likivuma, Mei hadi Agosti hivi, bahari huchafuka na samaki hupungua, basi kula maharagwe ya nazi, si adhabu.

Jioni ni mishikaki na viazi karai. Chukua mshikaki ulio juu ya makaa bado; uliolala sahanini ukapashwa tena huwa mkavu kama kamba.

Ijumaa saa sita wengi hufunga kwa swala. Ramadhani mchana usitegemee kitu, weka akiba ndani.