Mzaha wa watu watatu

Juma hili mmeuliza: mizaha ya kushtua watu mtandaoni, ile ya picha tulivu inayogeuka ghafla kuwa sura ya kutisha na ukelele, ilikuwa utani au uonevu, na imetuachia nini? Nitajibu, ila sina budi kuanza na kosa langu mwenyewe.

Mdogo wangu alikuwa na miaka tisa nilipomkalisha mbele ya kompyuta nikamwambia kuna mchezo mmoja, akiumaliza nitamkubali kuwa mjanja. Ulikuwa ule wa njia nyembamba. Walioukuta wanaujua, kwa wasioukuta, unaongoza kidoti kwa kipanya katikati ya kuta mbili, na ukigusa ukuta unarudi mwanzo. Njia inaanza pana, halafu inaingia kona, halafu inabana mpaka inakuwa kama uzi. Jeremy Winterrowd, aliyeutengeneza mwaka 2003, alijua anachokifanya: hakuna anayepita kwenye uzi huku ameegemea kiti. Unainama, unasogeza uso, unabana pumzi. Hapo ndipo inapochomoza sura ya msichana aliyepagawa, iliyotolewa kwenye filamu ya The Exorcist ya mwaka 1973, pamoja na mayowe ya kupasua masikio. Kumbe kidoti, kuta na hatua zote zile vilikuwa na kazi moja tu, kukuleta karibu na spika.

Mdogo wangu hakulia. Aliruka, kiti kikaanguka, kisha akasimama kimya ananitazama. Mimi nilikuwa nimeshika mbavu. Kwa wiki kadhaa baada ya hapo hakugusa mchezo wowote kabla ya kuuliza, "Kaka, huu una sauti?"

Nilikuwa na jibu tayari kwa aliyenilaumu: mtoto mwoga. Miaka ilipita ndipo nikajua kwamba jibu hilo halina miguu. Mwanasayansi Charles Darwin, katika kitabu chake cha mwaka 1872 kuhusu jinsi binadamu na wanyama wanavyoonyesha hisia, anasimulia alivyokwenda kwenye bustani ya wanyama ya London akaweka uso karibu na kioo kinene, upande wa pili yuko kifutu. Alikuwa ameazimia kabisa kutorudi nyuma nyoka akishambulia. Nyoka akapiga kioo, na mzee wa watu akajikuta yadi moja au mbili nyuma. Kioo alikiona, hatari alijua haipo, nia alikuwa nayo. Miguu haikumwomba ruhusa.

Mwaka 1939 wanasaikolojia wawili wa Marekani, Carney Landis na William Hunt, walichapisha matokeo ya kazi waliyoifanya kwa bastola na kamera za kasi. Walifyatua risasi karibu na watu wakawapiga picha wakati uleule. Macho yanafumba, kichwa kinasogea mbele, mabega yanapanda, viwiko vinakunjika. Kope zinaanza kufumba ndani ya milisekunde kama 50, kwa amri inayotoka kwenye shina la ubongo, kabla sehemu ya kufikiri haijapata habari. Kwa hiyo anayemcheka mtu aliyegutuka ni kama anayemcheka mtu aliyepiga chafya. Woga wake na ushujaa wake havijaulizwa chochote.

Basi kama aliyeshtuka hajafanya la kuchekesha, kicheko kinatoka wapi? Jibu langu kwa swali lenu liko hapo. Mzaha huu una watu watatu: aliyetega, aliyenaswa, na anayetazama. Ukitaka kujua kama ni utani au uonevu, usihangaike na ukubwa wa mayowe. Tafuta huyo wa tatu amekaa upande wa nani.

Sinema ilimweka mahali pazuri tangu zamani. Katika filamu ya Cat People ya mwaka 1942, iliyotayarishwa na Val Lewton, mwanamke anatembea usiku peke yake, nyuma kuna hatua, kisha hakuna hatua, na sisi tunamngoja mnyama. Ghafla basi linaingia kwenye picha na mfoko wa breki. Ni basi tu! Mpaka leo watu wa filamu wanaiita hila hiyo "basi la Lewton". Lakini ukumbini aliyetega amekuuzia tiketi, na anayenaswa ndiye huyohuyo anayetazama, pamoja na jirani yake aliyemwaga alichoshika. Mmenaswa wote, mnachekana wote.

Intaneti ilimtoa mtazamaji ukumbini. Mwaka 2004 kampuni ya kinywaji cha kahawa ya Ujerumani, K-fee, ilitoa matangazo mafupi. Linalokumbukwa zaidi lina gari linaloteleza kwenye barabara ya vilima vya kijani, muziki laini, amani tele, halafu zombi anaruka mbele ya skrini. Kaulimbiu yao ilikuwa na maana ya kwamba hujawahi kuwa macho kiasi hiki, na kwa Kiswahili inanoga kuliko walivyokusudia. Kama tangazo ni werevu mtupu. Ila video ilipoanza kuzungushwa, kahawa iliachwa njiani, na maneno mengine yakabandikwa: tazama kwa makini, kuna mzimu unapita kando ya gari. Tulitazama kwa makini. Tuliuziwa mbuzi kwenye gunia na tukaingiza kichwa ndani ya gunia kumtafuta.

Katika awamu hiyo wa tatu hakuwepo. Aliyetuma linki hakuona chochote. Alikaa kwake akiwaza jinsi ulivyoruka. Ni furaha ya ajabu kidogo, na nadhani ndiyo maana ilikuwa haishibi.

Kisha ikaja kamera. Mwaka 2006 iliwekwa YouTube video ya mvulana mdogo akicheza mchezo uleule wa njia nyembamba. Sura inatokea, mtoto anapiga yowe, anaipiga skrini ngumi, analia. Mamilioni waliitazama. Tangu hapo mchezo wenyewe uligeuka kuwa chombo tu cha kuchimbia, na dhahabu ikawa uso wa mtu. Wazazi waliwakalisha watoto, wajukuu wakawakalisha mabibi, na kamera ikawa imefunguliwa kabla kipanya hakijaguswa. Video ya mvulana yule niliitazama mara nyingi nikicheka. Siku niliyoacha kucheka ni siku niliyogundua namtazama nikiwa nimesimama palepale nilipokuwa nimesimama siku ya mdogo wangu, nyuma ya kiti. Tofauti ni kwamba safari hii nyuma ya kiti palikuwa na mamilioni ya watu.

Huo ndio uonevu ninaousema, watu wengi upande mmoja na mmoja upande wa pili. Na "ni utani tu" ni kinga inayofunika mengi. Machi 2008 kuna waliolijaza jukwaa la Epilepsy Foundation la Marekani picha za kumulikamulika, wakijua wanaolisoma ni watu wenye kifafa, na baadhi yao wakaugua. Hapo hapakuwa na sura mbaya wala ukelele, lakini hesabu ilikuwa ileile: mwili wa mtu utajibu kabla mwenyewe hajajua, nasi tucheke.

Lakini nisiitupe bahari kwa sababu ya papa, maana kilichofuata kinanifurahisha. Mwaka 2014 Scott Cawthon alitoa mchezo wa Five Nights at Freddy's. Wewe ni mlinzi wa usiku, umekaa na kamera za ulinzi, midoli ya mitambo inakusogelea, na ukizembea inakurukia usoni kwa mayowe. Ni ile njia nyembamba tena, ila mchezaji anajua. Anajua, ananunua, anawasha kamera na kuielekeza usoni mwake mwenyewe. Watengeneza video wa YouTube, kina PewDiePie, walikuwa wamekwisha kuonyesha kwamba watu watakaa saa nzima wamtazame mtu anayeogopa mchezo, na Freddy akawapa wengine maelfu kazi ya kufanya. Aliyenaswa ndiye mwenye mtego, ndiye mwenye kamera, na malipo ni yake. (Baadhi ya mayowe yale yana harufu ya mazoezi. Sawa tu, mwigizaji naye ana haki ya kuishi.) Filamu ya mchezo huo ilipotoka mwaka 2023 iliingiza karibu dola milioni 300 duniani, na watazamaji wakawa wamerudi palepale walipokuwa mwaka 1942, gizani, na tiketi mkononi.

Mzaha wa zamani wenyewe umedhoofika, na msidhani ni kwa sababu tulitubu. Uliuawa na mafundi. Flash, programu iliyobeba michezo mingi ya aina ile, ilikoma kuhudumiwa mwisho wa mwaka 2020. Kabla ya hapo, mwaka 2018, kivinjari cha Chrome kilianza kuzuia video nyingi zisipaze sauti kabla hujagusa kitu. Tukahamia kwenye simu, ambazo nyingi zimenyamazishwa kutwa. Ukelele bila sauti ni picha mbaya tu.

Aliyebaki mzima ni binamu yake mpole, hila ya mwaka 2007 ya kukuahidi hiki na kukupeleka kwenye wimbo wa Rick Astley wa mwaka 1987, Never Gonna Give You Up. Tarehe 1 Aprili 2008 YouTube wenyewe walielekeza video zote za ukurasa wao wa mbele huko. Umeingia mkenge, lakini mwili wako haujaguswa. Una nafasi ya kufikiri, na katika nafasi hiyo unaamua kucheka pamoja na aliyekutega. Skrini ile ya watoto haikuwapa nafasi hiyo.

Wahenga walisema aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Mdogo wangu sasa ni mtu mzima, na bado hufungua kila video akiwa amezima sauti, anangoja sekunde kumi, ndipo anaiwasha. Sikumwomba radhi mpaka mwaka jana. Alicheka, akasema alishasahau. Wiki moja baadaye alinitumia linki bila maneno yoyote. Nilitazama jina lake, nikatazama linki, nikashusha sauti mpaka mwisho na kuinyoosha simu mbali na uso kadiri mkono ulivyofika, kisha nikagusa. Alikuwa Rick Astley, na kwa kuwa nilikuwa nimezima sauti, nilimwona anacheza tu.